Daftari la Baba na Upepo wa Kusi

Maneno haya niliyasema Lamu, Ijumaa baada ya Alasiri, mbele ya wenye biashara ndogo ndogo, wavuvi, na vijana waliomaliza shule. Ndugu zetu wa Faza na Kizingitini hawakuwahi kwa kuwa bahari ilichafuka, nao ndio walioomba yaandikwe. Nimeyaacha yalivyotoka kinywani, na mzaha wake humo humo.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe na masharifu zangu, wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu upande ule, vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Nimeambiwa nizungumze juu ya kazi yangu, vipi mhasibu akageuka kuwa mwandishi na mwalimu wa mambo ya pesa. Nimekubali. Ila mjue kwamba mhasibu akisimama mbele ya watu huanza kwa kuwahesabu. Nimeshawahesabu. Mko mia moja na kumi na wanane, na wanne wamesinzia.

Nataka mikono juu. Nani kati yenu ana daftari nyumbani linaloonyesha pesa zilizoingia na zilizotoka mwezi uliopita? Mmoja, wawili... watatu. Haya, swali la pili. Nani anajua, hapo alipoketi, bila kuuliza mtu, ni nani anamdai na nani anadaiwa naye, hata ikiwa ni shilingi mia mbili? Mnaona? Ukumbi mzima! Basi msiniambie hamuweki hesabu. Mnaweka. Mmeiweka kichwani, mahali ambapo hata mke wako hawezi kuikagua.

Mimi uhasibu nilianza nikiwa na miaka tisa, dukani kwa baba, huko Langoni. Baba alikuwa na daftari la deni, jalada lake gumu, limenuka mafuta ya taa. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikaandika. Lakini hakunitajia majina hata siku moja. Alisema, "Andika: mwenye punda kipofu, unga pishi moja." "Andika: nyumba ya mkunazi, mafuta chupa." "Andika: mama wa pacha, sukari." Nikamuuliza, "Baba, si tuandike jina lake tu?" Akanijibu kwamba daftari hili linalala juu ya meza, na kila apitaye ana macho. Mtu amekuja kukopa unga, hakuja kuuza heshima yake.

Miaka mingi baadaye nikiwa Mombasa nasomea CPA, cheti cha uhasibu, mwalimu alitumia saa mbili kutueleza kwamba mhasibu hapaswi kutoa siri ya mteja. Nilitabasamu peke yangu. Nilishafundishwa hilo na mtu ambaye hata miwani hakuwa nayo.

Vijana mnaotaka njia hii, mitihani yenyewe ni ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, na haina huruma. Mimi nilianguka mara mbili. Ila hadithi iliyonishika zaidi haikuwa ya mtihani. Tulifundishwa kwamba kitabu cha kwanza kuchapishwa kikaeleza hesabu za pande mbili, debiti na krediti, kilitoka Venice mwaka 1494, na aliyekiandika ni mtawa aitwaye Luca Pacioli. Miaka minne tu baadaye, 1498, Vasco da Gama akatia nanga Malindi na kupewa rubani wa kumvusha mpaka India. Na yule Pacioli, je, alizibuni yeye hesabu hizo? Hapana. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiziandika hivyo kabla yake. Alichofanya ni kukaa nao, kuwatazama, na kukiandika wanachokifanya. Kumbukeni jambo hilo, mimi mwenyewe nililisahau kwa miaka ishirini na nikalipia.

Nilipofaulu nilipata kazi katika hoteli moja Malindi. Sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa mishahara. Kila mwisho wa mwezi nilipitia hati za mishahara za watu zaidi ya sitini: mpishi, mtunza bustani, wahudumu, walinzi. Nani anajua siri za watu kuliko mhasibu wa mishahara? Hata kadhi hafiki. Niliona nani ana mkopo wa chama cha akiba na mikopo, nani ana mkopo wa benki, nani anakatwa kwa ajili ya mke wa kwanza na mke wa pili hana habari.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Theluthi moja lazima imfikie mwenyewe. Ni sheria nzuri. Sasa, alikuwako mpishi mmoja, mtu mzima, mkono wake kwenye samaki wa nazi hauna mfano. Miezi kumi na minne mfululizo alichukua theluthi yake hiyo moja, hakuna hata shilingi juu yake. Siku moja akaja ofisini. "Mhasibu, nisaidie nikope tena, mtoto anaingia kidato cha kwanza." Nikafungua jedwali, nikaangalia, nikamwambia sheria hairuhusu. Nikafunga jedwali. Akasema ahsante, akatoka.

Alikwenda wapi? Alikwenda kwa mtu mtaani anayekopesha mia kwa mia na hamsini. Nilijua baadaye, alipouza pikipiki.

Wazee wangu, mimi siku ile sikukosea hata nukta. Mkaguzi yeyote angekuja, angeipitisha kazi yangu kwa wino wa kijani. Na yule bwana alikuwa amekaa mbele yangu, hatua mbili, sikumuuliza hata swali moja: zinakwenda wapi? Zinaingia lini? Nani mwingine nyumbani anapata? Sikumuuliza kwa kuwa sikuwa nimeajiriwa kuuliza.

Mwaka 2014 mnaukumbuka. Watalii walipungua pwani kwa hofu ya usalama, na huku kwetu ikaja amri ya kutotoka usiku, wavuvi wa usiku wakakaa nyumbani wakitazama nyavu. Hoteli yetu ikafungwa. Na hotelini, mhasibu ndiye wa mwisho kutoka, maana lazima apige hesabu ya kila anayefukuzwa, kisha ajifukuze yeye. Nikapiga hesabu za wote. Nikaandika hundi za wote. Halafu wakakaa nje chini ya mwembe, na bahasha mkononi, hawaondoki. Mmoja akaniuliza, "Sasa hizi nifanyeje?" Nikaketi. Siku tatu nilikaa pale chini. Hakuna aliyenilipa, na wala sikuwa na majibu mengi. Lakini zile siku tatu ndizo kazi yangu ya pili ilipoanza.

Nikarudi Lamu. Nikaandika kitabu. Ngoja niwasomee hesabu yake, maana ninyi ni watu wa biashara. Nakala 500, uchapaji Mombasa shilingi 120 kila moja: shilingi 60,000. Nikauza nakala 71 kwa shilingi 200: shilingi 14,200. Hasara, shilingi 45,800, na sijatia gharama ya punda aliyeyabeba maboksi kutoka gatini. Nakala zilizobaki zilikula unyevu. Nyingine mama mmoja wa Mkomani alifungia bisi, na sikumlaumu, karatasi ilikuwa nzuri.

Kwa nini hakikununuliwa? Sikujua mpaka mvuvi mmoja alipokirudisha. Alikinunua, akakisoma chote, akakirudisha! Akaniambia, "Maalim, kitabu chako kizuri. Lakini kila ukurasa naambiwa gawa mshahara, weka akiba siku ya mshahara, panga matumizi ya mwezi. Mimi sina mshahara. Mimi nina kaskazi."

Mimi nina kaskazi. Nililala nalo neno hilo siku nyingi.

Mimi mtoto wa Lamu, nimezaliwa nikisikia kaskazi na kusi kabla ya kujua Januari na Juni, nimekwenda kuandika kitabu cha mtu anayekaa kwenye ghorofa na kulipwa kila tarehe thelathini. Nilinakili vitabu vya watu wengine na mwezi wao. Sasa tuuchunguze mwaka wa hapa, jamani. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, bahari inafunguka, samaki wanatoka, wageni wanakuja Shela, nahodha anacheka. Ikifika Aprili na Mei, kusi inaingia, mawimbi, mvua, vyombo vinapandishwa pwani, hoteli zinafunga kwa matengenezo. Hiyo ni kalenda ya kwanza, ya upepo, na ndiyo inayoleta pesa.

Kalenda ya pili ni ya mwezi. Ramadhani, Idi, Maulidi, harusi. Hiyo inatoa pesa. Na haikai mahali pamoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Kalenda ya tatu ni ya shule: Januari karo, Mei karo, Agosti au Septemba karo. Hiyo nayo inatoa, wala haina habari na upepo wala mwezi.

Sasa turudi mwaka 2018. Ramadhani iliangukia Mei na Juni. Mnakumbuka hali ilivyokuwa? Bahari imefungwa, mwezi umeandama, shule imefunguliwa. Mambo matatu katika majuma sita! Mwaka ule watu walikuja kwangu wakisema, "Sijui nimerogwa? Kila mwaka nashindwa kidogo, mwaka huu nimezama kabisa." Hakuna aliyerogwa. Kalenda tatu zilikutana mlango mmoja.

Na mwaka 2030, andikeni, Ramadhani itaanza mara mbili katika mwaka mmoja: mwanzoni mwa Januari, na tena mwishoni mwa Desemba. Januari, mwezi wa karo. Afadhali bahari itakuwa wazi. Aliyeanza kujitayarisha ainue mkono. Hakuna? Hata mimi nimeanza juzi.

Aliyenitoa kwenye mwezi wa mshahara ni nahodha mmoja mzee. Nilimwonyesha jedwali langu la miezi kumi na miwili, akalitazama kama anavyotazama tanga lililoshonwa vibaya. Akaniambia, "Sisi hatukuhesabu hivi. Tulihesabu miongo." Mwaka wa jua wa mabaharia, unaoanza Nairuzi, unagawanywa mafungu ya siku kumi kumi, miongo thelathini na sita, na siku tano zinabaki. Kila mwongo una tabia yake: huu wa kuvuka, huu wa kungoja, huu wa kupaka deheni chombo. Siku kumi, wazee wangu, ni kipimo cha ajabu. Mwezi ni mrefu, pesa ya mvuvi haidumu mwezi. Juma ni fupi, bahari ikichafuka juma zima huna cha kuandika. Siku kumi mtu anaziona mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo kitabu cha pili nilikiandika kwa miongo. Ukurasa mmoja mwongo mmoja, na juu yake umeandika upepo gani, mwezi gani wa Kiislamu, na shule iko wazi au imefungwa. Neno mshahara nimelitumia mara mbili, yote kwa heshima.

Kina mama wa kikundi kimoja wakalichukua wazo hilo wakaliboresha kuliko mimi. Walikuwa na mchezo, kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu walikuwa wanapigia kura. Wakakaa chini wakaondoa kura. Wake wa wavuvi wakapewa zamu za Mei na Juni. Wenye watoto wa sekondari, Januari. Dada mmoja anayeuza kanga akasema yeye apewe kabla ya Idi, apate kununua mzigo. Pesa ni zile zile, watu ni wale wale. Sikuwafundisha hilo. Niliketi pale nikaandika wanachokifanya, kama yule mtawa wa Venice.

Nami nilihitaji kuaibishwa mara nyingine ndipo nielewe sawasawa. Nilianza darasa barazani baada ya Magharibi, na siku ya kwanza nikaanza kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikaieleza kwa mbwembwe, kana kwamba nimeivumbua. Shekhe mmoja alikuwa ameketi pembeni. Akaningoja nimalize, akauliza kwa upole, "Mwanangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inazungumzia nini?" Nikanyamaza. Nilisoma madrasa, ila siku ile ulimi ulikauka. Akasema: Surat al-Baqara, aya ya 282. Inazungumzia kuandika deni. Mkikopeshana, andikeni, awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, wala msichoke kuandika, dogo au kubwa. "Basi," akasema, "darasa lako lina wenyewe. Endelea."

Nikaendelea, nimenywea kidogo. Tangu siku hiyo ninapofundisha mizania, yaani ulicho nacho upande huu na unachodaiwa upande ule, sianzi na hoteli wala kampuni. Naanza na zaka. Mama, ukitaka kutoa zaka yako unafanya nini? Unakaa siku moja kila mwaka wa mwezi, unahesabu pesa ulizo nazo, bidhaa za dukani kwa bei ya leo, deni ambalo una hakika utalipwa. Unatazama na madeni yako. Ikifika nisabu, kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na mwaka umetimia, unatoa fungu moja katika arubaini. Ile siku unayokaa kuhesabu, ndiyo mizania. Undani wa deni lipi litolewe na lipi lisitolewe, muulizeni shekhe, mimi msinitie kwenye fatwa. Na wanaoniuliza habari ya riba, jibu ni hilo hilo, ila tangu mwaka 2008 nchi hii ina benki za Kiislamu, kwa hiyo usiseme huna pa kwenda kuuliza.

Sasa kisa cha karai, halafu niwaachie wenye maswali.

Baharia mmoja na mkewe. Mume anavua, mke anakaanga viazi karai pwani, jioni. Karai likatoboka, jiko nalo limekwisha. Jipya na jiko lake, shilingi 3,600. Yule dada hakuwa nazo, akakopa kwa simu. Ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kama ilivyoanza na M-Shwari mwaka 2012, ni shilingi 270. Mtu anaona ndogo. Lakini mwezi ukaisha hana, akalipa kwa kukopa tena, mpaka mikopo ikawa minne pamoja na ule wa kwanza. Ada peke yake ikafika shilingi 1,080. Karibu theluthi ya karai, na bado karai hajalilipa.

Nikamwita mumewe. Nikamuuliza, "Mkirudi kuvua mnagawaje?" Akanieleza vizuri kabisa. Kwanza mnatoa gharama, barafu na mafuta. Kisha chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na mabaharia mafungu yao. Nikamuuliza, "Chombo kina tumbo? Kinakula?" Akacheka. "Maalim, chombo kinachakaa. Kinataka kalafati, kinataka deheni, kinataka mbao. Usipokipa fungu lake, siku moja kitakunyima lako."

Nikamwambia, "Ahsante. Na karai la mkeo, linapewa fungu lake?"

Alinyamaza, wallahi, mpaka nikamwonea huruma.

Wahasibu tunaliita jambo hilo uchakavu, na mimi niliusoma uchakavu mihula miwili, kwa kanuni na kwa jedwali. Baharia yule aliuelewa kuliko mimi. Lilimwishia ufukweni tu, halikuingia naye nyumbani. Tukapiga hesabu pamoja: karai na jiko vya shilingi 3,600 vinadumu miezi kumi na minane. Shilingi 200 kwa mwezi. Haifiki shilingi saba kwa siku. Yule dada sasa ana kopo, na kwenye kopo ameandika kwa mkono wake FUNGU LA KARAI. Mume haruhusiwi kuligusa.

Vijana, mtaniuliza: inalipa kazi hii? Asubuhi ninawaandikia wenye maduka hesabu zao, hiyo ndiyo inayonilisha. Jioni nafundisha, hiyo inalipa nauli na kahawa. Kitabu cha pili kimerudisha gharama zake na kidogo juu yake. Mwenye kutaka utajiri wa haraka asinifuate mimi, na wala asinipigie simu kuniuliza pesa aziweke wapi zizae kwa miezi mitatu. Mwaka 2006 na 2007 wako Wakenya wengi walioambiwa zinazaa kwa miezi mitatu, wakatia, na ile michezo ya piramidi ikaondoka nazo. Nawajua wengine wenu, mmeinamisha vichwa.

Nimekuja na kitu. Hiki. Ni lile daftari la baba. Alipofariki, tuliliona halina pa kuanzia. Kwa kuwa hakukuwa na majina, nani angemdai mwenye punda kipofu? Punda mwenyewe alishakufa. Mama akasema tusimwendee mtu. Lakini matanga hayajaisha, watu walianza kuja. Mmoja anaweka mia, mwingine hamsini, anasema, "Hii ni ya marehemu." Wengine tulipotafuta hatukuwaona daftarini kabisa, baba hakuwahi kuniambia niwaandike. Na wengine walioandikwa hatukuwaona mpaka leo.

Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja ambao nimeshindwa kuujua ni nani. Nawasomea: "Bwana wa kanzu ya zari, sukari ratili mbili, tende kikapu, atalipa baada ya Idi." Hakusema Idi ipi.

Kama ni babu yenu, msihangaike. Mama alishasamehe. Ila ningependa kumjua.